Mpira wa Rede Huchaguliwa na Anayekwepa

Watoto mliotoka shule sasa hivi, sogeeni karibu na redio, maana mazungumzo ya leo ni yenu kuliko ya mtu mwingine yeyote. Leo tunazungumzia rede. Na katika rede yenyewe, nataka tutazame vifaa: mpira utengenezwe kwa nini, chupa iwe ya namna gani, uwanja upimwe vipi pale uani.

Utaniuliza, rede ina vifaa gani vya kukaa tukavijadili redioni? Soksi kuukuu, chupa ya maji, mchanga, basi. Ni kweli, ndivyo vilivyo. Lakini hebu jiulize, umewahi kuona rede inavunjika katikati kwa sababu mtoto mmoja amepigwa jichoni, analia, na mama mwenye nyumba ametoka jikoni kuwatawanya wote? Mara nyingi aliyerusha hana ubaya wowote. Kosa liko kwenye mpira. Mtu alijaza kilichokuwa karibu, akafunga fundo, akarusha.

Sasa, kwa ajili ya wale waliokulia mahali pasipo na uwanja, nieleze kwa ufupi. Wawili wanasimama huku na huku wakitazamana. Hao ndio warushaji. Katikati yao anaingia mmoja, au wanaingia kadhaa kwa makubaliano, na kazi yao ni kukwepa. Ukiguswa na mpira, umetoka. Hapo katikati kuna chupa tupu na rundo la mchanga. Anayekwepa anachuchumaa, anachota kwa kiganja, anamimina, anaruka mpira unapokuja, anarudi kuchota tena, mpaka chupa ijae. Kuna mitaa ambayo hawatumii chupa, wanahesabu tu mara ulizokwepa. Kenya watoto wana mchezo wa ukoo huohuo wanaouita kati, na Uganda wana kwepena. Kila mtaa una utaratibu wake, nami sikuja kumpangia mtu sheria za kwao.

Nimekuja na jambo moja. Mpira wa rede huchaguliwa na anayekwepa, si anayerusha. Narudia, maana hili ndilo la leo: mpira huchaguliwa na anayekwepa.

Kwa nini nasema hivyo? Mrushaji, ukimwachia hiari, atataka mpira mdogo, mgumu, wenye uzito. Mpira wa namna hiyo unakwenda moja kwa moja, haupotezi kasi njiani, na unamfikia mtu kabla hajageuka. Kwa mrushaji huo ni mpira mzuri kabisa. Kwa yule aliye katikati, aliyeinama na kiganja cha mchanga mkononi, ni hatari. Na katika rede kila mtu ana zamu yake ya kuingia katikati. Basi kabla ya kuanza, mpira apewe yule atakayetangulia kuingia. Aubinye. Aupime mkononi. Ajigonge nao pajani, kisha mgongoni mwa mkono, pale penye mifupa karibu na ngozi. Akiukubali, mchezo uanze. Akikunja uso, mpira ufumuliwe, utengenezwe upya, na wote wasubiri.

Tuanze na ukubwa wa mpira, kwa sababu hapa ndipo wengi hawafikirii. Jicho la mwanadamu limekaa ndani ya tundu la mfupa. Ukipapasa taratibu kuzunguka jicho lako sasa hivi, utausikia ukingo wake, juu chini ya nyusi, na chini juu ya shavu. Ukingo huo ni ulinzi. Kitu kikubwa kikija, kinagonga mfupa kwanza, na jicho linasalimika. Kitu kidogo kikija, kinapita katikati ya mifupa hiyo na kulipata jicho lenyewe. Ndiyo maana mpira mdogo unatisha kuliko mkubwa, hata kama mdogo huo ni mwepesi. Mpira wa tenisi, ambao watu wengi wanauona salama kwa sababu una manyoya, una upana wa sentimita 6 na nusu hivi, tena ni mgumu, na ukirushwa kwa nguvu karibu na mtu unaumiza vibaya. Kwa rede, nakushauri upana wa sentimita 10 hadi 12. Huna rula? Tengeneza mpira ambao kiganja cha mtoto wa darasa la tano hakiwezi kuufunika, lakini vidole vyake vinaweza kuushika bila kuteleza.

Umenisikia vizuri? Mkubwa kuliko unavyodhani. Watoto wakitengeneza wenyewe, mara nyingi huishia kwenye kitu cha ukubwa wa ngumi, kwa sababu soksi moja ikishajaa wanaona kazi imekwisha. Ongeza soksi ya pili. Ongeza ya tatu.

Uzito nao una lake. Peleka mpira wako kwenye duka la mtaani, umwombe muuzaji auweke kwenye mizani mara moja, hawezi kukunyima. Kwa vijana wakubwa na kina mama wanaocheza kwenye bonanza, usizidi robo kilo. Kwa watoto wa shule ya msingi, nusu ya hapo inatosha kabisa, yaani gramu 125 hivi. Ukiwa mzito zaidi, hata kama juu ni laini, utamwangusha mtoto aliyechuchumaa. Lakini ukiwa mwepesi kupita kiasi nao haufai. Upepo unauchukua, mrushaji anachoka bega kwa kurusha kitu kisichofika, na mchezo unakosa utamu.

Sasa tujaze. Ndani ya mpira tuweke nini?

Zamani jibu lilikuwa jepesi. Mifuko ya plastiki, ile tuliyozoea kuiita rambo, ilikuwa kila mahali: kwenye mitaro, kwenye miti, juu ya paa. Mtoto aliokota mingi kwa dakika chache, akaikunjakunja, akaifunga kwa kamba, na mpira ukapatikana, wa rede na hata wa chandimu, ile soka ya mtaani. Tarehe 1 Juni 2019 mifuko hiyo ya kubebea ikapigwa marufuku Tanzania Bara. Wenzetu wa Kenya walikuwa wameshatangulia, Agosti 2017. Mimi naiunga mkono marufuku ile kwa moyo wote, kwa sababu nimeona mitaro ilivyokuwa ikiziba. Lakini ni haki kusema pia kwamba watoto walinyang'anywa malighafi, na hakuna mtu mzima aliyekaa nao akawaonyesha kitu cha kutumia badala yake. Ndipo wakaanza kujaza magazeti yaliyoloweshwa maji, wengine mchanga, wengine wakaweka jiwe dogo katikati ili mpira uende mbali.

Hapo nisimame kidogo. Jiwe ndani ya mpira, hapana. Mchanga ndani ya mpira, hapana. Betri kuukuu ya tochi, ambayo nayo huwekwa, hapana kabisa. Soksi inatoboka, kitu kigumu kinahamia pembeni, na mpira ulioonekana laini unakuwa rungu. Mzazi, ukiuona mpira wa watoto wako umelala uani, uokote uubinye mpaka katikati. Ukikuta kitu kigumu, waite, mfumue pamoja, wajue kwa nini.

Basi tujaze nini? Hapa ndipo mtaa wetu unapotusaidia, maana kila fundi ana takataka zake, na takataka za fundi ni mali. Fundi cherehani ana vipande vya vitenge na vitambaa vya sare za shule. Fundi makochi ana vipande vya sponji. Fundi baiskeli ana tyubu zilizokufa. Na nyumbani kwenyewe kuna khanga iliyochanika isiyofaa hata kubebea mtoto.

Kiini cha mpira kiwe matambara. Kunja khanga kuukuu iwe utepe, uizungushe yenyewe kwa yenyewe, kaza lakini usinyonge. Hicho kinaupa mpira uzito unaouwezesha kusafiri. Juu ya kiini hicho, zungusha sponji, unene wa kidole gumba cha mtu mzima au zaidi. Hiyo sponji ndiyo roho ya mpira salama. Mpira mgumu unapogonga mwili, nguvu yake yote inaingia kwa mara moja. Sponji inabonyea kwanza, inachelewesha ule mgongano kidogo, na inautandaza juu ya sehemu pana ya ngozi. Mpira ni uleule, kasi ni ileile, lakini aliyepigwa anahisi ameguswa tu. Kama sponji imetoka kwenye godoro la zamani, ifue kwanza na uianike juani mpaka ikauke, kwa sababu vumbi la magodoro haliwafai watoto wenye pumu.

Walio mwambao wataniambia, sisi tuna usumba wa makumbi ya nazi, tena bure. Usumba ni mzuri ukichambuliwa, ukiondolewa vipande vigumu, ukalainishwa kwa mkono. Ukiuacha na mifupa yake, unachoma kupitia kwenye soksi. Na wenye misufi karibu watasema sufi. Sufi ni laini kupita vyote, ila ni nyepesi mno ikiwa peke yake, na nyuzi zake zinapenda kutoroka kwenye kila tundu na kuingia puani. Itumie badala ya sponji, juu ya kiini cha matambara, ndani ya kitambaa kilichofumwa kwa kubana.

Halafu unakuja kufunga, na hapa naomba utulie na mimi, maana mpira mzuri unaweza kuharibiwa na fundo. Watoto wengi hufunga mpira kwa kamba kwa nje, mara nyingi, huku na huku, na mwishoni wanapiga fundo kubwa. Fundo hilo ndilo linaloacha alama mgongoni. Wengine hukata tyubu ya baiskeli vipande vyembamba na kuvizungusha nje kwa sababu vinabana vizuri. Vinabana, ndiyo, lakini mpira uliovaa tyubu unachapa ngozi, na ukigonga sementi unadunda mpaka kwa jirani. Kama unapenda tyubu, iweke ndani, izungushe kiini cha matambara, kisha sponji iifunike.

Nje uvishe soksi. Soksi ndefu ya shule ni bora kuliko fupi, na njia yenyewe ni hii: ingiza mpira mpaka kwenye vidole vya soksi, sokota shingo yake mara mbili, halafu rudisha sehemu iliyobaki iufunike mpira tena. Sokota, rudisha, sokota, rudisha, mpaka soksi iishe. Mwisho wake usiufunge. Chukua sindano na uzi, ushone chini kwa mishono midogo. Kama mikono ya mtoto inaweza, ashone mwenyewe, mtu mzima akiwa kando. Fundi viatu akikusaidia kwa shazia yake na uzi wake mgumu, mpira utakaa muda mrefu, ila mwambie afiche mshono ndani.

Na rangi? Rede huchezwa jioni, jua likishapoa. Soksi ya kaki au ya kijivu, ikishakula vumbi la uwanjani, haionekani tena saa kumi na mbili inapokaribia. Mpira usioonekana haukwepeki. Vishe mpira wako kipande cha kitenge cha njano au chekundu juu ya soksi. Mtoto mwenye macho hafifu, ambaye siku zote alikuwa anatolewa wa kwanza na kuambiwa mzembe, atakushukuru.

Jambo jingine ambalo watu hulisahau ni mvua. Mpira wa matambara ukilowa wakati wa masika unanywa maji, na uzito wake unaongezeka sana. Ule mpira uliokuwa salama jana, leo ni mwingine. Ukilowa, mchezo usimame, au mchukue mpira wa akiba. Ule uliolowa ukamueni, muuanike juani siku nzima. Ukiwa na unyevunyevu ndani hata kama nje umekauka, bado ni mzito na utanuka.

Utaniuliza, kwa nini nisinunue tu mpira dukani nikamaliza kazi? Unaweza. Mipira ya sponji tupu ipo, na ukiupata wenye ukubwa niliosema, ni mzuri sana. Lakini mingi inayouzwa madukani kwetu ni ya plastiki iliyojazwa upepo, na hiyo ina tabia ya kudunda na kukimbia. Rede haihitaji mpira unaodunda. Fikiria mwenyewe: mrushaji amekosa, mpira umepita, umedunda, umevuka uzio. Mrushaji wa upande wa pili badala ya kuuokota na kurudisha haraka, anakwenda kuutafuta kwenye mihogo ya jirani. Wakati huo aliye katikati anachota mchanga kwa raha zake, anajaza chupa bila jasho. Utamu wa rede ni kwamba anayekwepa anaiba muda kidogo kidogo, sekunde moja hapa, mbili pale, kati ya mrusho na mrusho. Mpira wa soksi unatua na kulala karibu. Kwa mchezo huu, mpira wa nyumbani unashinda wa dukani, na sisemi hivyo kwa sababu ni wa bure.

Tuje kwenye chupa. Ya kioo isikanyage uwanjani, hata ya soda. Tumia ya plastiki ya maji. Ya nusu lita inatosha kwa watoto wadogo, ya lita moja kwa wakubwa, na ya lita moja na nusu kwa wale mabingwa wa mtaa wanaoringa. Lakini kinachoamua ugumu si ukubwa wa chupa, ni mdomo wake. Mdomo mwembamba unamlazimu mtoto akunje kiganja kiwe kama mrija na kumimina polepole, huku jicho moja liko kwa mrushaji. Kwa wanaoanza, tafuta chombo chenye mdomo mpana, kopo la plastiki la siagi kwa mfano. Wengine hukata chupa juu ili mdomo upanuke. Ukikata, ukingo wa plastiki unakuwa mkali na unachana vidole. Uzungushie kitambaa na gundi, au usikate kabisa.

Mchanga uwe mkavu. Mchanga mbichi unashikana mdomoni mwa chupa na haushuki, na mtoto anajikuta anatikisa chupa huku mpira unamjia. Kama mchanga wenu umetoka kwenye ujenzi, upitisheni kwenye chekeche kabla ya kuumwaga uwanjani. Ndani yake mna kokoto, misumari, wakati mwingine vipande vya vioo, na mikono inayouchota inachota bila kutazama.

Uwanja sitauzungumzia sana. Mistari chora kwa majivu au kwa kijiti tu ardhini, na alama za pembeni ziwe ndala, si mawe, kwa sababu mtu anakwepa kinyumenyume. Umbali kati ya warushaji uwe hatua 10 za mtoto, na mpira ukiwa mzito kidogo, ongezeni hatua mbili. Kitu kimoja nakisisitiza: inua macho kabla ya kuanza. Kamba ya kuanikia nguo iliyokaa usawa wa shingo ya mtoto anayekimbia, ifungue au uisogeze. Jiko la mkaa lihamie upande mwingine wa nyumba. Ndoo za maji zitoke. Na kama uwanja ni wa sementi, watoto wavue ndala, wacheze peku, maana ndala kwenye sementi yenye mchanga zinateleza.

Na kubalianeni mapema kwamba mrusho unaohesabika ni wa kuanzia mabegani kushuka chini. Ukimpiga mtu kichwani, hajatoka yeye. Umetoka wewe uliyerusha. Utaratibu huo hauna gharama yoyote, na nimeona ukibadilisha namna watoto wanavyolenga.

Wasikilizaji wangu, muda wetu unakwisha, nina ombi kwa mafundi wanaonisikiliza. Fundi cherehani, fundi makochi, tafadhali usichome vipande vya vitambaa na sponji jioni unapofunga. Weka kiroba mlangoni, watoto wa mtaa wakijua kuna kiroba watakuja wenyewe. Na wewe mzazi, au wewe bibi, babu, shangazi uliye nyumbani Jumamosi, tafuta soksi tatu zisizo na jozi, keti na watoto, mshone mpira mmoja wa kwenu. Ukiisha, apewe kwanza yule anayeingia katikati, aubinye, aseme kama anaukubali.